Kata ya Reli Isiyo na Reli: Kwa Baiskeli Juu ya Tuta la Karanga

Katika Manispaa ya Mtwara Mikindani kuna kata iitwayo Reli. Mgeni akilisikia jina hilo huuliza stesheni iko upande gani, na mwenyeji hutabasamu kabla ya kumjibu. Stesheni haipo, na treni ya mwisho iliondoka Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Mtoto aliyezaliwa siku zile sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Wajukuu zake huandika neno “Reli” kwenye fomu za shule kama vile wengine wanavyoandika Chikongola au Magomeni, bila kujiuliza lilikotoka.

Ninaishi Rahaleo, ambako kutoka kwenda huko ni mwendo mfupi wa baiskeli. Kwa muda sasa nimekuwa nikiifuata njia ya reli hiyo kwa baiskeli, kipande kwa kipande, siku za mapumziko, kutoka mjini kuelekea Mikindani na kuendelea bara. Nilianza kwa udadisi wa mwalimu wa historia. Nimeendelea kwa sababu njia ile inauliza swali ambalo wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wa mkoa huu watalazimika kulijibu katika miaka michache ijayo: kilichopita juu ya njia kikishaondoka, njia yenyewe inabaki kuwa ya nani?

Tuanze na asili yake. Mwaka 1946, Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ambao katika wiki 9 ulizunguka eneo kubwa, kwa sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Katika mashamba hayo, 55 yalipangwa Jimbo la Kusini, yaani Lindi, Nachingwea, Masasi na viunga vyake. Msomaji na apige hesabu: zaidi ya nusu ya mpango wote, ekari 1,650,000, ilikuwa ije huku kwetu.

Lakini Kusini hakukuwa na reli, wala bandari ya kina kirefu. Kwa hiyo kazi ikaanzia Kongwa, karibu na Reli ya Kati, na Kusini kukaamriwa kuandaliwe kwanza. Ndipo ikajengwa reli ya upana wa mita moja, ikianzia Mkwaya katika hori la Lindi na kupanda bonde la mto Lukuledi hadi Nachingwea. Hori la Lindi halikutosha kwa meli kubwa, hivyo ikachaguliwa ghuba ya Mtwara, yenye kina cha asili, ijengwe bandari mpya. Njia nyingine ya reli ikatoka Mtwara, ikakwepa uwanda wa juu wa Wamakonde, na kuungana na ile ya Lindi mahali paitwapo Ruo. Mji wa Mtwara wenyewe ukachorwa kwenye karatasi wakati huo. Barabara zake pana na nafasi kubwa zilizo wazi kati ya mtaa na mtaa, ambazo wageni huzistaajabia, ni vipimo vya jiji lililosubiriwa na ambalo halikufika.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya miti, mvua zikakosekana mahali pengine, udongo wa Kongwa ukakauka na kuwa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo. Takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Bandari ya Mtwara, iliyoanza kujengwa mwaka 1948 kwa ajili ya karanga, ilikamilika mwaka 1954. Yaani gati lilikuwa tayari miaka 3 baada ya kuzikwa kwa shehena iliyolileta.

Hapo ndipo reli yetu ilipoanza kuishi maisha yake halisi, kama mtumishi aliyebaki nyumbani baada ya bwana kuhama. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliiendesha kwa mizigo iliyopatikana, na mizigo hiyo haikuwahi kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huduma ikafungwa, reli na mataruma yakang'olewa, na Kusini kukarudi kwenye barabara za vumbi na matope.

Wapo watakaosema uamuzi huo ulikuwa wa busara, na hoja yao ni lazima isikilizwe. Nchi ilikuwa changa na maskini. Hasara ya reli moja ilikuwa ni shule na zahanati zisizojengwa. Lori lingeweza kufika mahali ambapo treni haifiki. Mtumishi wa Hazina anayesoma makala hii huenda angetia saini uamuzi uleule, na simlaumu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilipima mizigo ya siku ile tu. Katika miaka ileile ambayo treni zilikuwa zikipita zikiwa nusu tupu, wakulima wa Newala, Masasi na Mtwara walikuwa wakipanda mikorosho. Mkorosho si karanga. Haupandwi ukavunwa msimu huohuo. Unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Ilipofika msimu wa 1973/74, Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, kiwango ambacho kwa miongo mingi baadaye hakikufikiwa tena, na sehemu kubwa ya korosho hizo ilitoka Kusini. Shehena ambayo reli iliisubiri kwa miaka 10 ilikuja baada ya mataruma kung'olewa. Wakoloni waliijenga reli kwa ajili ya zao ambalo halikuota, na reli hiyo ikaondolewa kabla ya kuiva kwa zao ambalo wakulima wenyewe walikuwa wamelipanda bila kuagizwa na ujumbe wowote wa wiki 9.

Hayo niliyasoma kwenye vitabu. Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa mpaka nilipopanda baiskeli.

Reli haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza penye mwinuko mkali, kwa hiyo mhandisi wa reli hukata kilima na kujaza bonde mpaka njia ilale. Mwendesha baiskeli anayeufuata mpango huo huutambua kwa miguu kabla ya macho. Unatoka kwenye njia ya kawaida, yenye kupanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, ghafla pedali zinakuwa nyepesi na njia inanyooka. Ukitazama kushoto na kulia unaona ardhi imeinuliwa kidogo, au unaona kuta mbili za udongo ambapo kilima kilikatwa. Mahali pengine tuta limekuwa njia ya miguu kati ya mikorosho na miembe. Mahali pengine limepotea chini ya shamba la mihogo, na inabidi ushuke, usukume, uulize, kisha ulikute tena mbele, likiwa limenyooka vilevile kana kwamba halikukatizwa. Karibu na mji linaingia kwenye makazi mapya: misingi ya nyumba, matofali yaliyopangwa, ua wa makuti, watoto wanaocheza mpira mahali ambapo njia imetanuka. Kisha vichaka tena, na kivuli.

Njia hiyo ina watu wake. Akina mama wenye kuni kichwani, wanafunzi, wachuuzi wenye baiskeli zilizosheheni samaki, nazi au mkaa kwenye keria. Siku moja nilimuuliza mchuuzi mmoja wa nazi kwa nini anapita vichakani badala ya kufuata lami. Akanijibu, “Huku hakuna mlima, mwalimu. Wala hakuna basi la kunisukumia mtaroni.” Nilipomwambia kwamba anapita juu ya tuta la reli, alitazama chini, akacheka, akasema yeye anaijua kama njia ya shamba ya babu yake.

Nimelifikiria sana jibu lile. Mhandisi alilaza njia kwa ajili ya treni ya karanga, na anayefaidi kazi yake leo ni mchuuzi wa nazi mwenye baiskeli moja. Hakuna aliyempangia, hakuna bajeti iliyomtaja. Wananchi wa Kusini waliigeuza reli kuwa njia ya baiskeli kwa kuitumia tu, mwaka hadi mwaka, na hakuna ofisi iliyolitambua jambo hilo.

Kwingineko duniani limetambuliwa, tena limeandikiwa sheria. Magharibi mwa Chicago, reli ya abiria iliyosimamisha huduma mwaka 1957 iliacha njia ndefu ikipita kwenye miti na vitongoji. Mwaka 1963 mwalimu wa elimu ya mimea, May Theilgaard Watts, aliandika barua gazetini akipendekeza njia ile isiuzwe, ifanywe ya waendao kwa miguu na baiskeli. Leo inaitwa Illinois Prairie Path. Uingereza, mwaka huohuo wa 1963, ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa takriban maili 5,000 za reli na zaidi ya vituo 2,000. Miaka 16 baadaye watu wa kujitolea walianza kusafisha njia iliyoachwa kati ya Bristol na Bath, na hadi kufikia mwaka 1986 walikuwa wamekamilisha njia ya baiskeli ya maili 13.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Siyataji haya ili tuige bustani za matajiri. Nayataja kwa sababu ya kanuni moja iliyomo ndani yake. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria yake ya njia za kitaifa, likaruhusu reli isiyotumika iwekwe akiba: reli zenyewe zinaweza kuondolewa, watu wakapita kwa miguu na baiskeli, lakini ukanda wa ardhi unabaki mzima, ili siku treni ikihitajika tena njia iwepo. Sheria hiyo ilitenganisha maamuzi mawili ambayo sisi tuliyafanya kuwa moja. Kung'oa chuma ni uamuzi wa kibiashara. Kuiacha ardhi ya njia ivunjike vipande ni uamuzi mwingine kabisa, mzito zaidi, kwa sababu chuma hununuliwa tena dukani, lakini ukanda ulionyooka kutoka baharini hadi bara, ukishagawanywa kwa viwanja elfu, haununuliki ila kwa machozi na fidia. Waingereza wenyewe waliuza sehemu kubwa ya ardhi ya reli zao, na leo wanaotaka kurudisha baadhi ya njia hizo wanakuta nyumba na barabara zimekaa juu yake.

Kwa nini niyaseme haya sasa? Kwa sababu reli inarudi, angalau kwenye mipango. Ushoroba wa Mtwara umezungumzwa kwa miongo kadhaa. Hayati Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, aliupigania akiwa Rais, na Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo lililokata minyororo ya kivuko cha Ndundu. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma. Bandari imepata gati jipya la mita 300. Sasa inapangwa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

Ninaitakia reli hiyo heri. Lakini anayeijua historia ya tuta la karanga atauliza mambo mawili.

La kwanza ni la shehena. Reli ya kwanza ilikufa kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya mzigo mmoja. Stesheni zake, bandari yake na hesabu zake zote zilitegemea karanga. Karanga zilipokosekana, watu na mazao yao yaliyokuwepo kando ya njia hayakuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha ya kuendelea. Reli inayokuja inaelezwa zaidi kwa lugha ya makaa na chuma. Bei ya makaa hupanda na kushuka, na dunia inajadili kuacha kuyatumia. Je, siku bei ikianguka, ni nini kitakachoibakiza treni relini? Kama jibu ni korosho, ufuta, mbaazi, samaki, saruji na abiria, basi vitu hivyo viandikwe kwenye mchoro tangu leo: stesheni zikae mahali wakulima wanapoweza kufika, maghala yawe karibu, nauli ipangwe kwa ajili ya mtu wa Mtama na Tunduru. Visiongezwe baadaye kama pole.

La pili ni la ardhi. Katika nchi yetu neno “hifadhi ya reli” mwananchi hulisikia kwa mara ya kwanza anapoikuta alama ya X imechorwa ukutani mwake. Hifadhi humjia kama adui. Miaka 60 hakuna aliyemwambia kwamba njia ya shamba ya babu yake ilikuwa mali ya umma, hakuna aliyeweka jiwe la mpaka, hakuna aliyeichora kwenye ramani ya kijiji, kisha siku moja mpimaji anashuka garini na rangi nyekundu. Sidai kwamba reli mpya itapita juu ya tuta la zamani. Wahandisi watachagua njia kwa vipimo vya leo. Ninachodai ni kwamba namna tulivyolitendea tuta la zamani ndiyo kielelezo cha namna tutakavyowatendea watu wa njia mpya.

Kusini kuna kumbukumbu ndefu. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi lililokuwa linajengwa kwenda Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, mali zikateketea, wanajeshi wakaletwa mitaani. Siwezi kusema vijana wale walikuwa wakiiwaza reli ya karanga. Wengi wao hawakuwahi kuisikia. Lakini walikulia katika mji wenye barabara za jiji lisilojengwa, kwenye kata iliyopewa jina la kitu kilichoondolewa. Mtu anayekulia katika mazingira hayo hahitaji kusomeshwa ili aamini kwamba vinavyokuja vinakuja kuchukuliwa. Serikali inayotaka kuaminiwa kuhusu reli mpya inapaswa kwanza kuzungumza kwa ukweli kuhusu ile ya zamani.

Mapendekezo yangu ni madogo, na hayahitaji mkopo wa nje. Halmashauri za Mtwara na Lindi, kwa kushirikiana na vyuo vilivyopo, zilichore tuta la zamani kwenye ramani kabla halijafutika; wanafunzi wa jiografia na historia wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa baiskeli na simu za mikononi. Vipande ambavyo bado ni njia ya watu vitambuliwe katika mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji kuwa njia za umma za miguu na baiskeli, ili mchuuzi wa nazi asije akakuta ua wa waya mbele yake. Palipo na nyumba na mashamba, watu waachwe kwa amani, maana kosa halikuwa lao. Na wazee waliofanya kazi relini na bandarini, wachache waliobaki, wasikilizwe na maneno yao yaandikwe mwaka huu, kwa sababu kila masika hupita na mmoja wao.

Wapo wanafunzi wangu wanaoniambia kwamba historia ya maana ilipita Dar es Salaam, Tanga na Tabora, na kwamba Kusini ilipitwa. Huwa nawakumbusha Nachingwea, mwisho wa reli yetu. Mashamba yaliyokusudiwa kwa karanga za Waingereza yaligeuka kuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na kutoka hapo Msumbiji ilikombolewa. Mipango ya wakubwa iliposhindwa, watu wengine waliitumia ardhi ileile kwa makusudi makubwa kuliko yaliyoandikwa London. Mchuchumio wa baiskeli yenye nazi juu ya tuta la karanga ni mdogo zaidi, lakini ni wa ukoo huohuo.

Basi swali nililoanza nalo nalirudisha kwenu, hasa kwenu mlio ofisini. Mkikaa mezani na ramani ya reli mpya, watakuwepo watu wa kuuliza tani ngapi za makaa zitapita kwa mwaka. Awepo na mmoja wa kuuliza nani atabaki na njia siku makaa yatakapokwisha, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba.